Kama Shimo la Tata

Ilianza siku ya Jumanne, saa kumi na nusu jioni, likizo ya mwezi wa nane. Saa naikumbuka kwa sababu chai ilikuwa imechelewa, na kwa Tata chai ikichelewa kila mtu anataja saa.

Tata ni dada mdogo wa mama yangu. Sisi kwetu ni Embu, upande wa Manyatta, lakini yeye aliolewa huku Laare, kwa Wameru. Mume wake alifariki nikiwa bado shule ya msingi, akamwachia shamba la miraa. Likizo zikifika mama ananituma kwake nimsaidie. Huku mwanamke hapandi mti wa miraa. Kupanda na kuchuma ni kazi ya wanaume, kwa hivyo Tata ana wachumaji wawili, na sisi wanawake tunakaa chini ya kibanda cha mabati tukipanga na kufunga mabunda kwa majani ya ndizi ili yasikauke.

Jioni hiyo tulikuwa tumebakisha mabunda machache. Wachumaji walikuwa wamekaa juu ya kreti wakingoja chai. Tata alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mimi nilikuwa nafunga na jirani yake, mama mmoja mnene wa kicheko ambaye huja kusaidia, naye anapenda habari kuliko hata hiyo chai.

Mimi siongei sana. Si kiburi, ingawa watu wa huku walidhani ni kiburi. Kimeru changu ni kibovu, nachanganya na Kiembu na watu wanacheka, kwa hivyo nilikuwa nimeamua kutumia Kiswahili, tena kidogo. Shuleni ni hivyo hivyo. Kabla hatujafunga, mwalimu wetu wa fizikia alinichagua nizungumze mbele ya klabu ya sayansi muhula ukifunguliwa, juu ya taka za nyuklia: vile zinavyohifadhiwa chini ya ardhi na vile chembe zenye mionzi zinavyoweza kupenya vizuizi vilivyowekwa kuzizuia. Nilipojaribu mara ya kwanza niliongea nikiangalia ubao. Mwalimu akaniambia, "Haya mambo unayajua, lakini unauambia ubao, na ubao unajua tayari. Nenda nyumbani ukawaeleze watu kwa lugha ya nyumbani mpaka waelewe."

Kwa hivyo kila jioni nilikuwa naandika kwenye kitabu vile nitakavyoeleza. Kueleza mtu yeyote nilikuwa bado.

"Muembu," jirani akaniita. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nifike. "Hiyo kitabu unaandika kila siku ni ya mapenzi?"

Wachumaji wakacheka.

"Ni ya fizikia," nikasema.

"Na huyo Fizikia ni kijana wa wapi?"

Hata mimi nilicheka. Labda ni hicho kicheko kilichonifungua. Nikasema naandika juu ya taka za nyuklia, vile zinazikwa.

"Kuzikwa? Kwani zimekufa?"

"Shida ni kwamba hazijafa," nikasema.

Wakanyamaza. Mchumaji mmoja akaacha kuchokonoa meno. Mimi sijawahi kusema kitu watu wakanyamaza kwa kutaka kusikia kingine. Nilihisi joto masikioni, na lilikuwa tamu. Nikaweka bunda chini na kuanza.

Niliwaambia kwamba kuna nchi zinazotengeneza umeme kwa nyuklia, na mabaki yake yanatoa mionzi kwa miaka mingi sana. Huwezi kuyachoma wala kuyamwaga. Kwa hivyo yanayeyushwa pamoja na kioo yawe kama jiwe, yanatiwa ndani ya mtungi mzito wa chuma, yanateremshwa chini kabisa kwenye mwamba. Halafu kuzunguka ule mtungi wanashindilia udongo wa mfinyanzi wa aina fulani, ambao ukipata maji unavimba na kuziba kila ufa.

"Basi imeisha," mchumaji akasema.

"Haijaisha. Baada ya miaka na miaka maji yatafika. Chuma kitaliwa na kutu. Zile chembe zitaanza kutoka."

"Zitatoka na miguu gani?" jirani akauliza.

Nikawauliza kama wanasikia harufu ya tangawizi. Walikuwa wanaisikia, Tata alikuwa ameitia kwenye chai. "Hakuna mtu ameileta hapa," nikasema. "Iko nyingi kule jikoni na huku ni kidogo, kwa hivyo inasambaa yenyewe. Chembe pia zinasambaa hivyo ndani ya maji yaliyo kwenye udongo, hata kama hayo maji yametulia. Ni polepole tu, polepole sana."

"Na udongo hauzishiki?"

Swali hilo nilikuwa nimeliandalia jibu kwa siku tatu. Niliwaambia wafikirie watu wakitoka kanisani. Yule anayesalimia kila mtu anashikwa mkono hapa, anashikwa pale, anaulizwa watoto, anafika nyumbani chakula kimepoa. Halafu kuna yule asiyesalimia mtu, anapita katikati na dakika moja yuko barabarani. Chembe za seziamu ni za salamu, kila punje ya udongo inazishika. Za aidini udongo hauzitaki, hazishikwi mkono na mtu, kwa hivyo zinapita.

"Kama wewe," jirani akasema, "hata salamu ya 'mwirire' hatusikii ukitoka."

Walicheka tena, na mimi nilicheka, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimejitumia mwenyewe kama mfano wa aidini na nilidhani hakuna atakayegundua.

Kama ningeishia hapo ningekuwa sina cha kuandika leo. Lakini nyuma ya kibanda kulikuwa na shimo la Tata. Udongo wa huku juu unakunywa maji, hauyaweki. Kwa hivyo Tata alipotaka bwawa la kuvuna mvua, apate maji ya miti wakati wa kiangazi, alichimbisha shimo, akaleta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, akaukanyagisha, halafu juu yake akatandika laina, ile karatasi nyeusi ngumu ya bwawa, akaibana kwa mawe pembeni. Lilikuwa pale pale, limejaa nusu, linang'aa. Ni mwalimu gani angeacha kulitumia?

Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Sasa tuseme ni kama shimo la Tata. Tuseme hapo ndani ni taka za nyuklia. Hiyo laina ni ule mtungi, na udongo uko chini yake. Laina ikitoboka, udongo utashika zingine, na zingine zitapita."

"Zipite ziende wapi?"

"Zifuate maji."

"Na mizizi inakunywa hayo maji," mchumaji akasema taratibu, akiangalia miti.

"Ndiyo. Mizizi inaweza kuzinyonya."

"Hata mizizi ya miraa?"

"Hata ya miraa," nikasema. Nilisema haraka, kwa furaha ya kuwa na jibu.

Nilikuwa bado na sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo muhimu. Kwamba huo mwendo ni wa polepole hata zile chembe zinakuwa zinafifia njiani, nusu yake, halafu nusu ya nusu, na kwamba watu wanachagua mwamba na kina na udongo ili kinachofika juu kiwe kidogo sana. Lakini Tata alitokea na sinia, vikombe vikagongana, mchumaji mmoja akasema "Afadhali," na somo langu likaishia hapo. Nilikunywa chai nikiwa nimejaa sifa. Jirani alimwambia Tata, "Huyu mtoto wa dada yako ni mwalimu kabisa." Usiku huo niliandika kwamba nimeweza.

Siku mbili zilizofuata sikuona kitu. Au niliona nikakosa kuelewa. Kwenye duka wasichana wawili walinitazama na mmoja akasema, "Miss Nyuklia." Nilidhani ni sifa. Naandika hili nikitaka kufunika uso: nilitembea mpaka nyumbani nikitabasamu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnunuzi. Ni kijana wa bodaboda ambaye hukusanya miraa ya mashamba ya huku na kuipeleka Maua, ambapo pikapu huichukua kwenda Nairobi. Hiyo biashara haina kesho. Miraa iliyochumwa leo isipoondoka leo inanyauka, na ikinyauka ni majani tu. Kila mara huyo kijana huingia na pikipiki mpaka kibandani, anazima, anaomba maji, anamtania Tata. Jumamosi alisimama kwenye mlango wa ua na hakuzima.

"Mathe, leo sibebi," akasema.

"Kwa nini? Mzigo uko tayari."

"Stori iko huko nje si poa. Watu wa Maua wameniuliza hii miraa ni ya shamba gani." Alinyoosha shingo akaangalia nyuma ya kibanda. "Wanasema umezikisha nyuklia kwa hiyo shimo."

Tata alicheka kwanza. Halafu akaona kwamba kijana hacheki.

"Nyuklia mimi naitoa wapi? Hiyo ni maji ya mvua. Njoo uone, njoo hata unawe."

"Mathe, mimi nakuamini. Lakini miraa inaliwa mbichi. Haioshwi, haipikwi. Kastama akiogopa, ameogopa."

"Nani amesema hayo maneno?"

"Wanasema ni huyo msichana wako wa shule. Ati ndiye alieleza watu, ati mizizi inanyonya."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, bunda liko magotini. Hapakuwa na umbali wowote kati yangu na hiyo pikipiki. Tata hakugeuka kuniangalia. Alishika kiuno na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtoto wa dada yangu hawezi kusema hivyo. Huyo hapo, muulize."

Kijana akanitazama. Akanipa nafasi, naweza kusema hata aliningoja. Maneno yalikuwa machache na nilikuwa nayo yote: nilisema kama, ulikuwa mfano, shimo ni la maji. Niliangalia jani la ndizi mikononi mwangu. Nilikaza kamba mpaka ikakatika.

"Haya," kijana akasema. "Jumatatu nitapita barabara kuu. Stori ikiwa imepoa tutaongea. Hapa ndani siingii."

Akageuza pikipiki na kwenda. Tata alisimama akiangalia vumbi. Halafu akarudi, akaketi, akaanza kufungua mabunda moja moja na kutenganisha majani ya ndizi, kwa sababu majani hayo yangetumika tena. Sikumsaidia. Sikuwa na ujasiri wa kugusa kitu.

Jioni mbuzi walipewa miraa. Walitafuna kwa raha yote, na mmoja akaanza kurukaruka na kupiga ukuta kichwa. Siku nyingine tungecheka mpaka tuumwe mbavu. Tata alisema tu, "Hao angalau hawaogopi," akaingia ndani.

Jumapili kanisani tulikaa kwenye benchi letu, na benchi likabaki na nafasi. Hakuna aliyetukosea, watu walisalimia vizuri, walikaa tu kwingine. Tukarudi nyumbani. Mchana jirani alikuja kuazima ungo. Tata akamkaribisha chai kama kawaida. Akapokea kikombe, akakizungusha mkononi, akasema kinachoma. Nilikuwa nyuma ya tangi nikiosha sufuria nikamwona akiinama kana kwamba anafunga kiatu na kuimwaga yote kwenye nyasi. Kisha akarudisha kikombe, akasema asante sana.

Nilimfuata mpaka kwenye njia ya kwake. Miguu ilinipeleka kabla sijaamua. Nikamuuliza alisema nini huko nje.

"Mimi? Mimi nilisema tu vile ulisema. Kwa mashine ya kusaga, watu wakingoja unga. Si siri, ni masomo."

"Lakini nilisema kama. Si nilisema kama?"

"Kama gani?"

"Kama shimo la Tata. Kama."

Alinitazama kwa huruma kidogo, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Hakuwa na ubaya wowote. "Kama, kama! Wewe ulinyoosha kidole, mwari. Kidole hakina kama."

Akaniacha kwenye njia na ungo wake kichwani.

Nilikaa juu ya jiwe na kufuata sentensi yangu kutoka kinywa kwenda kinywa. Pale kibandani ilikuwa nzima. Kwenye mashine ya kusaga, "tuseme" ilishikwa. Labda kwa duka, "kama" ilishikwa, kwa sababu ni neno dogo na linasalimia kila mtu. Kufika Maua yalikuwa yamepita yale yasiyoshikika tu: nyuklia, shimo, mizizi, miraa. Nilikuwa nimeeleza vizuri sana jinsi mambo yanavyopenya, na sikufikiria hata mara moja kwamba nilikuwa natoa kitu kinachopenya.

Lakini hilo lilikuwa wazo la kujipa nafuu, nalijua. Aibu yenyewe haikuwa hapo. Mtu yeyote anaweza kusema kitu kikageuzwa. Mimi niliulizwa, mchana, mbele ya mtu aliyekuwa ananitetea, nikakata kamba.

Jioni tulimenya viazi jikoni. Tata akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja kazi za kesho, "Wachumaji wakimaliza upande wa juu, wataondoa hiyo laina na kufukia shimo. Nimeshawaambia."

"Tata, na kiangazi?"

"Kiangazi kitakuja na mambo yake. Bila mnunuzi nitamwagilia miti ya nani?"

Aliwahi kuniambia kwamba mwaka mmoja wa ukame, kabla ya bwawa, alikuwa akitoka usiku kutafuta maji, na miti ya upande wa chini ilikauka hivyo hivyo, ile mizee ambayo baba ya mume wake alipanda. Hilo shimo lilikuwa kitu cha kwanza alichojenga peke yake, bila kuambiwa na mwanaume kwamba linafaa.

Nikasema, "Ni mimi."

Kisu chake hakikusimama. "Ni wewe nini?"

Nikamwambia yote: laina, kidole, mizizi, ile "hata ya miraa" niliyoitamka kwa furaha. Nilimaliza nikiwa naangalia maganda.

"Nilisikia," Tata akasema. "Ukuta wenyewe ni mbao. Nilisikia mpaka hiyo ya watu kutoka kanisani, nikacheka huku peke yangu. Nilisikia na kama. Ndio maana nilimwambia yule kijana huwezi kusema hivyo. Sikuwa nadanganya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa. Kwa hili sikuwa nimejiandaa.

"Halafu nikangoja," akasema.

"Ulingoja nini?"

"Useme." Alitupa kiazi kwenye maji. "Mimi nikisema, watu watasema mwenye shamba anajitetea. Anayeweza kusema ulisema nini ni wewe tu. Nilikuwa nimekugeuzia mgongo ili usione haya kuongea mbele yangu."

Kwa hivyo kule kutogeuka kwake, ambako nilidhani ni kunificha, kulikuwa kunipa njia. Nilitamani sakafu ya jikoni ifunguke. Sikulia, kwa sababu kulia kungemfanya anibembeleze, na sikutaka kubembelezwa.

"Na hivyo viazi," akasema, "unaondoa ganda na nusu ya chakula. Menya vizuri."

Asubuhi ya Jumatatu niliamka kabla yake. Nilichota maji bwawani kwa ndoo ndogo, nikayachuja kwa kitambaa safi, nikayachemsha mpaka yakatokota kabisa, nikapika chai ya maziwa na tangawizi. Nilijaza themosi. Nikachukua vikombe viwili. Wachumaji walikuwa tayari juu ya miti, Tata akipokea vikapu chini. Aliona themosi, akaona vikombe, akasema tu, "Beba na haya," akanipa mabunda ya kwanza.

Pale barabara kuu bodaboda zilikuwa zimepangwa, wanunuzi na wakulima wakipigizana kelele juu ya mizigo. Jirani alikuwepo, ameketi juu ya gunia. Yule kijana aliniona kabla sijafika.

"Miss Nyuklia ameleta mionzi!"

"Msiguse, mtang'aa usiku!" mwingine akasema, na kicheko kikapita kwenye mstari mzima.

Nilitafuta ubao wa kuangalia na hapakuwa na ubao, kulikuwa na nyuso. Nikaweka mabunda chini. Nilianza kwa Kimeru kwa sababu nilitaka kila mtu asikie, kikatoka Kiembu, wakacheka zaidi, nikarudi Kiswahili.

"Jumanne nilisema shimo la Tata ni kama," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo. Mtu akaniambia, "Ongea, hatusikii." Nikarudia, na mara ya pili ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nilisema kama. Nilikuwa nafundisha mambo ya shule, nikatumia shimo lake kuonyesha. Hakuna kitu kimezikwa. Ni maji ya mvua. Jumamosi niliulizwa, nikanyamaza. Ni mimi nimekosea, si yeye." Nikamwangalia jirani, si kwa kumshtaki, ila kwa sababu alikuwa uso ninaoujua. "Wewe ulikuwepo. Nilisema kama, halafu nikanyoosha kidole."

Jirani alisugua goti. "Ni kweli," akasema. "Hiyo kama ilikuwepo. Hata mimi sasa naikumbuka."

"Unaikumbuka leo!" kijana akamwambia, na wakacheka, lakini sasa walimcheka jirani.

Nikafungua themosi. Nikasema chai hii imepikwa kwa maji ya lile shimo, nikamimina, nikanywa. Ilikuwa moto, ikaniunguza ulimi, nikaendelea kunywa mpaka mwisho. Najua kunywa si ushahidi. Mionzi haina ladha, na mwalimu wangu angenikata alama hapo hapo. Lakini sikuwa kwenye klabu ya sayansi.

Nikajaza kikombe cha pili na kukinyoosha mbele. Chai ikamwagika kidoleni, kile kile cha kuonyeshea. Hakuna aliyesogea. Yule kijana alikiangalia kikombe, akaangalia mabunda, akaangalia wenzake.

"Iko sukari?" akauliza.

"Iko."

Akapokea. Hakuimaliza. Alikunywa nusu na nyingine akampa jirani, ambaye hakuwa na pa kuimwaga mbele ya watu wote wale, akainywa. Halafu kijana akainama, akapima bunda moja mkononi, akachomoa kijiti kimoja na kukinusa.

"Leo nitabeba nusu ya mzigo," akasema. "Nione Maua watasema nini. Mwambie mathe nusu ingine sikatai, nangoja tu."

Nilisema nitamwambia. Sikungoja kusikia utani uliobaki. Nilipanda kile kilima themosi ikinigonga mguuni, nikapita kibandani bila kusimama, kwa sababu nilikuwa nimesikia sauti ya mawe. Wachumaji walikuwa wameshuka kutoka upande wa juu na kuanza. Pembe moja ya laina ilikuwa imekunjwa, majembe yameegemezwa kwenye rundo la udongo.

"Wacheni!" nikapaza sauti.

Waligeuka wote wawili. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia sauti yangu kutoka mbali.

"Umetumwa na Tata yako?" mmoja akauliza.

"Sijatumwa na mtu."

Wakaangaliana, halafu wakaangalia kibanda, ambapo Tata alikuwa amesimama na mabunda mikononi. "Amechukua nusu," nikamwambia. Nikavua viatu, nikashika pembe ya laina na kuivuta mpaka ikalala vizuri juu ya udongo wake, nikaanza kurudisha mawe mahali pake.